Vidonda vya Kulalia: Kwa Nini Upasuaji Pekee Hautoshi

Nyumba nyingi za Eastlands zina mgonjwa wa kitandani: kijana aliyeumia uti wa mgongo katika ajali ya bodaboda, nyanya aliyepata kiharusi, au baba ambaye miguu yake haina nguvu tena. Wote wako katika hatari ya kupata vidonda vya kulalia. Kidonda kikiwa kikubwa, madaktari wanaweza kukifunga kwa upasuaji. Hata hivyo, vingi hurudi, na mara nyingine chanzo ni kwamba mgonjwa amekata tamaa na ameacha kujigeuza.

Kidonda huanza pale mfupa ulipo karibu na ngozi: chini ya kiuno, kwenye nyonga, visiginoni na kwenye mifupa ya kukalia. Uzito wa mwili hubana mishipa midogo ya damu, na nyama isiyopata damu kwa saa kadhaa huanza kufa. Mtu mwenye afya huhisi uchungu akajisogeza hata akiwa usingizini. Aliyepoteza hisia hapati onyo hilo. Vitabu vingi husema alama ya kwanza ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Anayemtunza mgonjwa atafute sehemu iliyozidi kuwa nyeusi au yenye rangi ya zambarau, iliyo na joto, au iliyo ngumu au laini kuliko ngozi ya kando yake. Sehemu hiyo isisuguliwe wala kukandwa. Mgonjwa asiilalie tena hadi ngozi irudi hali yake.

Kidonda kikifika kwenye nyama au mfupa, dawa ya kupaka haitoshi. Daktari hukata nyama iliyokufa na, ikibidi, sehemu ya mfupa ulioharibika. Kisha huchukua kipande cha ngozi na nyama iliyo karibu, kikiwa bado na mishipa yake ya damu, akakizungusha na kuziba shimo. Baada ya hapo mgonjwa hukaa wiki kadhaa bila kulalia wala kukalia upande huo, halafu huanza kuketi kwa dakika chache tu kwa siku, akiongeza polepole. Sigara hupunguza damu inayofika kwenye mshono. Lishe nayo ni sehemu ya tiba. Mwili hujenga nyama mpya kwa protini, nayo inapatikana kwa omena, ndengu, maharagwe na mayai.

Kazi ngumu zaidi huanzia nyumbani. Fikiria chumba kimoja katika ghorofa ya tano huko Pipeline, jengo lisilo na lifti. Mgonjwa aliyetoka hospitalini anaweza kukaa miezi bila kushuka, marafiki wanapungua, kazi imekwisha. Hapo ndipo sonona huingia, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita tu mawazo mengi. Dalili zake ni huzuni au kukosa hamu ya chochote kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kuvurugika, kukataa chakula na kujiona mzigo. Mtu wa namna hiyo hana nguvu ya kujiinua kitini wala kumwomba ndugu amgeuze. Familia humwona mkaidi, kumbe ni mgonjwa mara mbili.

Mazoezi husaidia pande zote mbili. Huimarisha mikono ya kujiinulia, na yamethibitishwa kupunguza dalili za sonona, ingawa hayachukui nafasi ya ushauri nasaha au dawa pale zinapohitajika. Wazo hili si geni. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani, alipewa wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo wengi wa majeruhi hao walikufa kwa vidonda na maambukizi ya njia ya mkojo. Aliagiza wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, kisha akawatoa kitandani wacheze. Tarehe 29 Julai 1948, wagonjwa 16 walishindana kulenga mishale katika uwanja wa hospitali. Huo ndio mzizi wa Paralimpiki, ambayo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1972.

Nyumbani hakuhitajiki vifaa vya bei. Chupa mbili za nusu lita zilizojazwa maji zinatosha kuinua, na mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu unafaa kuvutwa. Mwenye kidonda wazi kwenye makalio afanye mazoezi ya mikono akiwa amelala ubavu, asiketi. Aliyepona na anayetumia kiti cha magurudumu ajiinue au aegemee mbele kwa dakika moja au mbili, kila baada ya dakika 15 hadi 30. Asikalie tyubu iliyojazwa upepo, kwani huzuia damu kuzunguka sehemu ileile inayokusudiwa kulindwa. Kwa waliopona, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 za mazoezi kwa wiki, walemavu wakiwemo, lakini dakika tano za leo zinahesabika. Mtaa wenye nyumba za chini kama Kaloleni hurahisisha kutoka nje. Kwenye maghorofa, majirani wawili wa kumshusha mgonjwa mara moja kwa wiki ni msaada mkubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Aliyeona dalili za kidonda amweleze mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake, au aende kituo cha afya kilicho karibu. Kidonda kirefu, chenye harufu mbaya au kinachoandamana na homa kipelekwe hospitali mara moja, kwa mfano Mama Lucy Kibaki, ambako mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo au Kenyatta. Ni vyema kujiandikisha na SHA mapema kwa kubonyeza *147#. Anayezungumzia kufa asiachwe peke yake. Familia ipige simu 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, au imfikishe hospitali siku hiyohiyo.