Dodoso lisilojaribiwa hula mtaji

Aprili 23, 1985, kampuni ya Coca-Cola ya Marekani ilitangaza kuwa inabadili ladha ya soda yake, ambayo ilikuwa sokoni kwa miaka 99. Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Watu wapatao 200,000 walikuwa wameonjeshwa kinywaji kipya na kile cha zamani bila kujua kipi ni kipi, na wengi walichagua kipya. Hata hivyo, siku 79 baadaye, Julai 11, kampuni ilisalimu amri na kutangaza kuirudisha soda ya zamani. Simu za wateja, nyingi za malalamiko, zilikuwa zimefikia 1,500 kwa siku.

Hesabu za utafiti hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye swali. Waonjaji waliulizwa ni ladha ipi bora. Hawakuelezwa kwamba wakichagua mpya, ile waliyoizoea itaondolewa madukani. Katika vikundi vya majadiliano dalili za hasira zilijitokeza, lakini wakubwa wa kampuni wakaona wingi wa waonjaji una uzito zaidi.

Coca-Cola ilikuwa na uwezo wa kubeba hasara hiyo. Mfanyabiashara mdogo wa Mwanza au Dar es Salaam aliyechukua mkopo wa benki kwa dhamana ya nyumba hana siku 79 za kujirekebisha. Ndiyo maana dodoso, yaani karatasi ya maswali anayopelekewa mteja, linapaswa kukaguliwa kwa makini kama mzigo wenyewe.

Chukua mfano wa msindikaji wa mafuta ya alizeti wa Singida anayetaka kuleta mafuta yake Dar es Salaam katika chupa za lita moja. Anaandika swali lake la kwanza: "Je, unapenda mafuta ya alizeti?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo. Mama aliyebishiwa hodi na kijana mwenye adabu, tena amevaa fulana yenye jina la kampuni, hatamwambia mgeni kuwa bidhaa yake haimvutii. Hiyo ni heshima tu, na msindikaji akiihesabu kama oda ya mafuta atakuwa amejidanganya.

Swali la pili ni baya zaidi: "Unanunua lita ngapi kwa mwezi?" Familia nyingi za uswahilini hununua mafuta ya kupima, kidogo kidogo, dukani kwa jirani, kadiri fedha ya siku inavyoruhusu. Mama huyo hajawahi kuhesabu lita za mwezi. Kwa kuwa ameulizwa, atataja namba: tatu, au nne. Namba hiyo itaingia kwenye jedwali, itajumlishwa, na msindikaji ataagiza chupa tupu kwa maelfu, wakati soko alilokuwa analitafuta linataka kifuko kidogo cha bei ya siku moja.

Hapo ndipo jaribio la dodoso linapookoa fedha. Kabla ya kutuma vijana kwa watu 500, msindikaji angelijaribu kwa watu kumi hadi thelathini wanaofanana na wateja anaowalenga. Asiwajaribie ndugu zake wala wafanyakazi wa ofisini. Lengo la jaribio si kupata asilimia bali kuona swali linapokwama. Anayeuliza huangalia mjibuji anasita wapi, anacheka wapi, na anaomba arudiwe swali lipi. Kisha humuuliza: "Umenielewa nimekuuliza nini?" na "Hiyo namba umeipataje?" Mama akijibu, "Nimekadiria tu, mwanangu," swali hilo limeshindwa. Linabadilishwa kuwa: "Mara ya mwisho ulinunua mafuta lini? Ulinunua ya shilingi ngapi?" Mambo ya jana mtu anayakumbuka.

Lugha nayo ina mitego yake, hasa dodoso linapoandikwa kwa Kiingereza ofisini na kutafsiriwa haraka haraka. Ukiuliza "Unakunywa chai saa ngapi?" wengine watakueleza habari ya majani ya chai, wengine watakutajia saa ya kifungua kinywa hata kama wanakunywa uji. Ukiuliza "Je, unatumia Kiwi?" wapo watakaokubali ilhali kopo lililo ndani ni la kampuni nyingine, kwa sababu kwa wengi kiwi ni dawa yoyote ya viatu. Mwenye Kiwi atafurahia bure soko ambalo si lake. Na ukiuliza "Nyumbani kwako mpo wangapi?" katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, mmoja atahesabu wanawe na mwingine atahesabu wapangaji wote. Watafiti wenye uzoefu huuliza juu ya watu wanaokula chungu kimoja, na utata huo unakwisha.

Hata neno moja huweza kugeuza soko zima. Mwaka 1941 Donald Rugg alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa Marekani. Kundi moja liliulizwa kama hotuba za hadhara zinazopinga demokrasia ziruhusiwe. Asilimia 62 walisema zisiruhusiwe. Kundi jingine liliulizwa kama hotuba hizo zikatazwe. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 46 tu. Kutoruhusu na kukataza ni jambo moja kwa mwanasheria, lakini mjibuji huona neno la pili ni kali mno.

Maswali mawili ndani ya moja nayo hayafai. "Je, sabuni hii ni nzuri na bei yake ni nafuu?" Aliyeipenda akaiona ghali hana pa kuweka alama. Aidha, suala la kipato liwekwe mwishoni na kwa mafungu, maana likitangulia mjibuji hudhani amefikiwa na watu wa kodi, na kuanzia hapo majibu yote huwa ya kujihami.

Maswali yakishabadilishwa, dodoso hujaribiwa tena, na majibu ya jaribio la kwanza yasichanganywe na ya utafiti wenyewe. Wengi huona hatua hii ni kupoteza muda. Gharama yake ni nauli na posho ya siku mbili tatu kwa vijana wawili. Gharama ya chupa zisizonunuliwa kila mwenye ghala anaijua.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa kuweka fedha katika mradi, jambo hili linamhusu pia. Michanganuo mingi ya biashara hubeba sentensi ya aina ya "asilimia 80 ya wateja walisema watanunua", ikisindikizwa na michoro ya rangi. Michoro haina shida. Kabla ya kuandika hundi, aombe nakala ya dodoso lenyewe, alisome kwa lugha walioulizwa, aangalie kama bei ilitajwa kwenye swali, kisha aulize lilijaribiwa kwa nani na ni maswali yapi yaliyobadilishwa baada ya jaribio. Akiambiwa hakuna hata moja lililobadilishwa, ana haki ya kutilia shaka kama jaribio lilifanyika.