Anakula, Mbona Anakonda?

Msomaji wa Kitengela anauliza: mama yake ana saratani, uji anakunywa, nyama anakula, lakini nguo zinazidi kumpwaya. Daktari ameandika kakeksia. Ndiyo nini?

Si njaa. Mwenye njaa akilishwa hurudisha mwili. Kakeksia huandama saratani, kifua kikuu, UKIMWI, maradhi ya figo na ya moyo. Humaliza misuli pamoja na mafuta, na chakula peke yake hakiizuii.

Napendekeza tuiite mnyauko. “Kukonda” hakutoshi, maana mtu hukonda hata kwa mawazo; “udhoofu” ni wa kila mgonjwa. Lakini mkulima wa nyanya kule Loitokitok anaujua mnyauko: udongo umelowa, mche umelegea. Akiongeza maji hausimami, kwa kuwa bakteria wameziba mishipa ya shina. Maji yako mizizini, jani linakufa kiu. Mkulima mzoefu haongezi ndoo nyingine. Hukata shina atazame ndani.

Aliyetazama ndani ya mnyauko wa mwili alianzia kwa ng'ombe wa Kenya. Miaka ya 1970, mwanasayansi Mmarekani Anthony Cerami aliwaona hapa ng'ombe wenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, wale wanaofahamika sana Nguruman, Kajiado. Ng'ombe walibaki mifupa, ilhali vimelea damuni vilikuwa vichache mno. Basi nani aliwamaliza? Maabarani, sungura walioambukizwa walikonda huku damu yao ikijaa mafuta! Chembe za kinga, katika kupigana na kimelea, hutoa protini inayoziamuru seli za mafuta ziache kutengeneza kimeng'enya kinachovunja mafuta ya damuni ili yaingie kuhifadhiwa. Lishe ipo, inapita tu. Mwaka 1985, Cerami na Bruce Beutler wa Chuo Kikuu cha Rockefeller waliichuja protini hiyo, wakaiita kakektini. Ikabainika ni ile ile iliyokwisha kujulikana kwa kuua uvimbe wa saratani: silaha ya kinga ndiyo inayomkausha mwenyewe. Kwa binadamu zipo protini nyingine zinazoshirikiana nayo.

Kwa hiyo mama asilaumiwe kwamba hali vya kutosha. Aendelee kula anachokiweza, amwone mtaalamu wa lishe, na saratani yenyewe itibiwe, maana ndiyo mzizi. Na wenye mgonjwa wa muda mrefu nyumbani, mpimeni uzito: wa kilo 60 akipoteza zaidi ya 3 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, daktari aambiwe mapema, misuli ikiwa bado ipo.