Siku Moja Mji Mkongwe

Hebu jiulize, mama mwenzangu: ni mara ngapi wewe na mwenzako mmesafiri pamoja pasipo msiba, harusi wala mgonjwa? Kwa wengi wetu jibu halimalizi vidole vya mkono mmoja. Sisi nasi tulipokwenda Unguja kwa siku moja hatukwenda kustarehe tu. Tulikuwa na shauri.

Mama mkwe wangu anakaa Pangani, katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Paa linavuja na ukuta wa nyuma una ufa. Mashemeji zangu wanataka ibomolewe, zijengwe fremu za maduka. Mama mwenyewe hataki kusikia habari hiyo. Mume wangu alikuwa ameanza kukubaliana na ndugu zake, mimi niko upande wa mama, na neno hilo likawa linatuletea baridi mezani. Mwishowe alisema, “Twende tukaone hao waliokarabati walifanyaje, ndipo tuamue.”

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili au pungufu. Mwenye kuchafukwa na bahari asitangulize mihogo ya kukaanga. Wengine chukueni kitambulisho, viatu vya kutembelea, na kanga ya kujistiri, kwa maana Mji Mkongwe ni mji wa watu wenye heshima zao.

Mara utokapo bandarini utaliona jengo la Zahanati ya Zamani, lenye roshani za mbao zilizochongwa kama lesi. Tajiri wa Kihindi, Tharia Topan, alianza kulijenga mwaka 1887. Alifariki mwaka 1891 kabla halijamalizika, nalo likakamilika mwaka 1894. Baadaye liliachwa likachakaa vibaya, mpaka Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipolikarabati katika miaka ya 1990. Mume wangu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Kisha tukaingia vichochoroni. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Nje kuna baraza ya kupokea wageni ambao si wa kuingia ndani. Katikati kuna ua wa kuleta hewa na mwanga. Akina mama walikaa juu, na mahali pengine daraja liliunganisha nyumba mbili ili wapite kutembeleana bila kushuka mtaani. Aliyechora nyumba hizi alijua mwanamke anahitaji jirani.

Katika kichochoro kimoja tulimkuta fundi mzee akipiga lipu ya chokaa. Mume wangu, ambaye kwake kila tatizo la nyumba dawa yake ni mfuko wa saruji, akamwuliza kwa nini hatumii saruji. Mzee alitueleza bila haraka. Ukuta wa zamani unapumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Ukiupaka, unyevu na chumvi hubaki ndani, na baada ya muda lipu huanguka pamoja na kipande cha ukuta. Tena ufa mara nyingi hauanzii ukutani. Paa likivuja, maji huteremka mpaka pale kichwa cha boriti kilipoingia kwenye jiwe, boriti ikaoza, na sakafu ikalegea. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anaandika.

Si kila jengo limewahiwa. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwezi Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Mji wenyewe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizibi paa.

Mchana tulipanda hadi juu ya nyumba ndefu ya mtaa wa Hurumzi, iliyokuwa ya Tharia Topan huyo huyo na sasa ni hoteli. Ngazi zake zina adabu yake. Mwenye magoti mabovu apumzike njiani. Kutoka juu unaona mapaa yalivyokaribiana. Ni juu ya mapaa kama hayo ndipo Bibi Salme, binti wa Sultani Said, alipozoeana na jirani yake Mjerumani, Heinrich Ruete, hata akaondoka Unguja mwaka 1866 akaolewa naye. Mume wangu akasema ndiyo sababu yeye hapendi nyumba zenye majirani wa karibu. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Ilikuwa siku nyingi hajanichekesha.

Kanisa Kuu la Kianglikana hatukulipita. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake kuanzia mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, na altare iko pale ulipokuwepo mti wa kuwachapia. Tuliketi kimya, tukaomba, kila mmoja lake.

Jioni, tukingojea boti, mume wangu alimpigia kaka yake. Alimwambia wasiite mtu wa kubomoa. Yeye atakwenda Pangani na fundi wa chokaa kabla ya masika, waanze na paa, ufa utafuata. Kaka mtu hakukubali wala hakukataa. Aliuliza fedha itatoka wapi, swali la haki kabisa, na tukakubaliana kila nyumba iseme inaweza nini. Kisha tukampigia mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama chokaa ya siku hizi inachomwa vizuri kama ile ya zamani.