Kesi ya New York Mbele ya Watazamaji wa Dzaleka

Usiku wa Alhamisi, 22 Septemba 2022, kituo cha NBC cha Marekani kilifungua misimu mipya ya tamthilia zake tatu za kipolisi kwa mpigo mmoja. Law & Order: Organized Crime ilianza hadithi, Law & Order: Special Victims Unit ikaipokea, na Law & Order yenyewe, mama wa zote, ikaifikisha mahakamani. Saa tatu mfululizo, hadithi moja, jina moja: Gimme Shelter. Tamthilia hizo tatu hazikuwahi kuunganishwa namna hiyo. New York ilikuwa saa mbili usiku. Lilongwe ilikuwa saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa, na kilomita zipatazo 45 kaskazini, wilayani Dowa, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka ilikuwa imelala.

Hata wa kukesha angekesha na giza. Januari ya mwaka huo kimbunga Ana kilikuwa kimeharibu kituo cha kufua umeme cha Kapichira katika Mto Shire, Malawi ikapoteza karibu megawati 130, takriban theluthi moja ya umeme wake. Mwezi Septemba kituo hicho kilikuwa bado hakijarudi kazini.

Kwa hiyo msimu mpya ukifika Dzaleka, hufika mfukoni mwa mtu. Anatoka Lilongwe na fleshi, au memori kadi iliyofungwa kwenye kipande cha karatasi ili isipotee, na kutoka hapo hadithi inaanza kuzunguka Kawale, Likuni na Katubza, mitaa ya kambi iliyopewa majina ya maeneo ya Malawi. Kambi iliyoandaliwa kwa watu 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali. Soko lake ni kubwa, na lugha inayosikika zaidi sokoni humo ni Kiswahili. Ndani ya soko kama hilo hakukosekani kibanda cha kuingizia muvi: kompyuta ya mezani iliyovuliwa ubavu mmoja ili ipate hewa, kifaa cha kusomea kadi kinachoning'inia kwenye waya, na kijana anayejua kwa kichwa folda ipi ina nini.

Hapo kwenye folda ndipo hadithi ya NBC ilipopata ajali yake, na ajali hiyo inaeleza mengi kuhusu watazamaji wa huku kuliko tathmini yoyote ya wahakiki wa Marekani. Watengenezaji waliiona Gimme Shelter kama filamu moja ya saa tatu. Kompyuta haikuiona hivyo. Sehemu ya kwanza imehifadhiwa kama mwanzo wa msimu wa 3 wa Organized Crime, ya pili kama mwanzo wa msimu wa 24 wa Special Victims Unit, na ya tatu kama mwanzo wa msimu wa 22 wa Law & Order. Mtu anayempenda Olivia Benson, kapteni wa polisi anayechezwa na Mariska Hargitay tangu 1999, akiomba aingiziwe msimu mpya wa kipindi chake, anapewa hadithi iliyokatwa kichwa na miguu. Msichana kutoka Ukraine ameshapigwa risasi mtaani. Mpelelezi Frank Cosgrove, asiyemjua, anaingia na kutoka kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Elliot Stabler, mpelelezi wa Organized Crime, yupo, kumbe naye alikuwa anamfuata mshukiwa yuleyule. Na joto la kesi linapopanda, kipindi kinakwisha. Mahakama imo kwenye folda nyingine, ya tamthilia ambayo pengine kijana wa kibanda hakuichukua kwa sababu haiulizwi sana.

Muvi imeruka, watu husema, na kadi inarudishwa kibandani.

Malalamiko hayo ni ya haki. Kuunganisha tamthilia ni desturi ya zamani ya televisheni ya Marekani: mwaka 1996 Law & Order ya New York ilishirikiana kesi moja na Homicide ya Baltimore, na mpelelezi John Munch, aliyechezwa na Richard Belzer, baadaye alihama moja kwa moja kutoka Homicide akahamia Special Victims Unit. Lakini desturi hiyo inamdai mtazamaji vitu viwili: awe amefuata vipindi vyote vinavyokutana, na awe mbele ya runinga usiku uleule. Mdai wa namna hiyo hakumfikiria mtu wa Dowa. Hakumfikiria hata Mmalawi wa mjini mwenye king'amuzi, kwani Malawi yenyewe ilichelewa kuwa na televisheni. Rais Kamuzu Banda hakuitaka, na sheria ya udhibiti wa burudani ya 1968 ilichuja filamu na vitabu kwa ukali. Kituo cha taifa kilianza kurusha picha mwaka 1999 tu. Na Agosti 2023 MultiChoice ilitangaza kuiondoa DStv nchini kutokana na mvutano wa kisheria kuhusu upandishaji wa bei, kabla ya huduma kurejea. Katika mazingira hayo, anayetazama tamthilia kwa mpangilio uliokusudiwa ana bahati.

Anayeziba pengo ni mfasiri. Ufundi wa kusimulia filamu juu ya sauti yake ya asili ulishamiri Uganda tangu miaka ya 1980, ukavuka kuingia Tanzania, na kule Dar es Salaam ukampa umaarufu Derek Gaspar Mukandala, ambaye wapenzi wa filamu walimjua kwa jina la Lufufu. Kazi za wasimulizi wa aina hiyo zimetembea mbali kuliko wao wenyewe, kwa sababu Mkongo wa Uvira, Mrundi wa Bujumbura na Mtanzania wa Kigoma wote wanazielewa bila shida. Mfasiri mzuri hatafsiri maneno peke yake. Anamtambulisha stelingi, anaonya kwamba yule mwenye tabasamu ndiye adui, na mgeni akitokea bila maelezo anasema ametoka kwenye kipindi gani na anataka nini. Sentensi zake mbili zinaweza kufanya kazi ya kipindi kizima kilichokosekana.

Anaeleza na sheria pia. Mtu aliyekulia Congo au Burundi anaijua mahakama ya majaji, na anaijua parke, ofisi ya mwendesha mashtaka inayousimamia upelelezi tangu mwanzo. Raia 12 wanaoketi pembeni kimya kisha wakaamua kama mtu ana hatia ni jambo geni kwake, na bila kulielewa, nusu ya mwisho ya kila kipindi cha Law & Order inabaki ugomvi wa watu waliovaa suti. Kazi hii ya ufafanuzi inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Shirika la utangazaji linalowalipa watafsiri wa maandishi ya chini ya picha halijawahi kumfikia mama asiyesoma Kiingereza kwa kiwango ambacho sauti moja ya kiume yenye mikwaruzo imemfikia.

Sasa watazamaji wenyewe. Ukumbi wa video una kelele zake, na kelele hizo zina adabu. Risasi zikilia watu hushangilia, gari likipinduka hupiga makofi, na stelingi akipigwa kuna atakayemkumbusha jirani kwamba stelingi hafi. Lakini tamthilia ya kipolisi ina chumba kimoja ambacho mkimbizi hawezi kukitazama kama mtu mwingine: chumba cha mahojiano. Meza, viti viwili, mtu anayeuliza, mtu anayejibu, na daftari. Kila mtu mzima aliyeomba hifadhi ameshakaa kwenye kiti hicho. Ameulizwa tarehe, njia aliyopita, jina la kijiji, nani alikufa na nani aliona. Anajua kwamba maneno ya leo yatalinganishwa na ya mwaka juzi, na kwamba mwezi ukisahaulika unaweza kuonekana uongo. Anajua pia uzito wa mkalimani, kwa sababu Kinyamulenge, Kirundi, Kiamhari na Kisomali vyote hupita midomoni mwa watu wengine kabla ya kuandikwa.

Mtu huyo anapomtazama Benson akimsubiri mhanga avute pumzi, hatazami burudani tu. Anapima. Je, swali limeulizwa mara moja au mara tatu? Je, aliyehojiwa amepewa maji? Wahakiki wa New York hujadili kama Benson na Stabler watapendana. Hilo nalo lina utamu wake, na wapenzi wa huku hawalikosi. Ila watu wa Dzaleka wana utaalamu ambao hakuna mhakiki anayeweza kuusomea, na waandishi wa tamthilia wangefaidika kuwasikiliza.

Mahali penyewe pana historia inayoongeza uzito. Kabla ya kupokea wakimbizi mwaka 1994, mwaka uleule Banda alipoondoka madarakani, Dzaleka ilikuwa gereza walikofungwa wapinzani wake wa kisiasa. Kisha ukaja mwaka 2022. Mwezi Juni, miezi mitatu kabla ya NBC kurusha Gimme Shelter, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu, UNODC, na polisi wa Malawi walitangaza kwamba mtandao wa usafirishaji haramu wa binadamu umefichuliwa ndani ya kambi. Zaidi ya waathirika 90 walikuwa wameokolewa hadi wakati huo, wengi wao vijana wa kiume wa Ethiopia wenye umri wa miaka 18 hadi 30, pamoja na wasichana na wanawake kutoka Ethiopia, Burundi na Congo, wengine wakiwa na umri wa miaka 12. Afisa wa UNODC, Maxwell Matewere, alisema alishuhudia kitu kinachofanana na gulio la Jumapili ambako watu walikuja kununua watoto. Oktoba mwaka huohuo, kaburi la pamoja lenye miili zaidi ya 25, inayoaminika kuwa ya wahamiaji wa Ethiopia, likagunduliwa wilayani Mzimba.

Hivyo hadithi ya msichana wa nchi yenye vita aliyeuawa ugenini, na wapelelezi wa vitengo vitatu wanaoufuata mtandao unaovuka mipaka, haikuwafikia watu wa kambi kama ngano ya mbali. Kinachowagusa ni kasi. New York inamaliza yote kwa saa tatu, kuanzia mwili barabarani hadi hoja za mwisho za wakili. Sheria ya Malawi ya 2015 dhidi ya usafirishaji haramu wa watu inatoa kifungo cha hadi miaka 14, na hadi 21 mhanga akiwa mtoto, lakini kesi za kweli hutembea kwa mwendo wa kesi za kweli, na mashahidi wake wanaishi jirani na ndugu wa washtakiwa. Tamthilia haina budi kuonyesha hofu hiyo ya kuishi mlango kwa mlango. Ikiiruka, mtazamaji wa hapa anaona kabisa kwamba mwandishi hajui anachokiandika.

Lilongwe kuna jicho jingine. Kwa miaka mingi wakimbizi waliofungua maduka mjini waliishi nusu halali na nusu wasiwasi, kwa kuwa sera ya Malawi inawataka wakae kambini. Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka kufikia tarehe 15 Aprili, na mwezi Mei msako ukaanza. Mamia walikusanywa, watoto wakiwemo. Ndiyo maana mpelelezi wa kwenye runinga anapogonga mlango, kuna watazamaji ambao macho yao huenda kwanza kwenye mkono wake, kuona kama ameshika hati ya upekuzi. Kwa Mmarekani hati hiyo ni utaratibu wa kuchosha unaochelewesha kukamatwa kwa jambazi. Kwa aliyefungiwa duka, ndiyo sehemu yenye mvuto kuliko zote.

Na kuna Marekani yenyewe, nchi ambayo familia nyingi za Kikongo zilihamishiwa kutoka kambi za Afrika, zikatua Texas, Kentucky, Ohio na Iowa. Aliyebaki Dzaleka akisubiri zamu yake hutazama New York kama mtu anayesoma barua ya nyumba atakayohamia: polisi wanavyoongea na mweusi, mtu akikamatwa ana haki ya kusema nini, mama mgeni akiita msaada nani huja. Tangu 20 Januari 2025, serikali ya Donald Trump ilipositisha mpango wa kupokea wakimbizi, utazamaji huo umebeba uchungu usiohitaji kufasiriwa.

Afrika Mashariki nayo imejaribu tamthilia za kipolisi. Februari 2021 Showmax na Canal+ zilianza Crime and Justice, tamthilia ya Nairobi ambamo Sarah Hassan na Alfred Munyua ni wapelelezi Makena na Silas, na kesi zake zimechochewa na habari zilizowahi kutikisa Kenya. Kiswahili na Kiingereza huchanganyika humo kama vinavyochanganyika mitaani. Mwaka uliofuata ikazaliwa Crime and Justice Lagos, yenye wapelelezi wa Nigeria. Jina moja, miji miwili, na bado wapelelezi wake hawajakutanishwa katika kesi moja ambayo Waafrika wenyewe wangeifuata kwa hamu.

Kesi ipo, tena imeshachorewa ramani na wahalifu. Njia ya kuwapeleka vijana wa Ethiopia Afrika Kusini hupita Moyale na Nairobi, hushuka Tanzania hadi mpaka wa Songwe, huingia Malawi kupitia Karonga, hufuata barabara ya M1 kupita Mzimba, kisha huelekea Msumbiji. Sehemu ya kwanza ingekuwa ya Makena. Ya pili ingehitaji mpelelezi wa Mbeya anayejua malori, mizani ya barabarani na madalali wa mpakani. Ya tatu ingefanyika Lilongwe, mbele ya hakimu, na shahidi mkuu akiwa msichana wa Dzaleka anayeongea Kiswahili cha Bukavu kupitia mkalimani. Zote tatu ziwekwe kwenye folda moja.