Kadogo Inaokoa Leo, Lakini Mwisho wa Mwezi Je?

Saa moja jioni, simama karibu na kibanda chochote mtaani na usikilize oda. "Nipe mafuta ya ishirini. Sukari robo. Nyanya tatu. Sabuni ya kumi. Na pampers mbili." Dakika mbili, mteja ameenda. Kesho jioni saa moja atarudi, na oda itakuwa ileile.

Hiyo ndiyo kadogo, na karibu sisi sote tumepitia hapo. Wengine tuko hapo hadi leo. Kwa hivyo hatukuja kukuambia uache chai ya saa nne ili uwe tajiri. Tunataka tuongee kuhusu kitu kimoja tu: pesa unayolipa zaidi kwa sababu unanunua kidogo kidogo, na jinsi ya kuirudisha mfukoni mwako bila kusubiri mshahara uongezwe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini haba na haba pia hukimaliza.

Kadogo si ujinga

Tuanze hapo, maana watu wa kadogo wamedharauliwa sana. Ukiambiwa "nunua kwa jumla, ni bei nafuu", unajua hivyo tayari. Shida ni kwamba pesa inaingia kwa siku. Fundi analipwa jioni. Mtu wa boda anahesabu usiku. Hata mwenye mshahara, kodi ya nyumba na madeni yakishatoka, anabaki na pesa ya siku tu. Ukiwa na 400 na watu wanne wa kulisha, huwezi kutoa 1,100 kwa kitu kimoja. Kadogo ndiyo inafanya watu walale wameshiba.

Kwa hivyo swali si "mbona hununui kubwa?" Swali ni: hiyo 1,100 ya kwanza itatoka wapi?

Mwenzetu alifungua taarifa yake

Mwaka jana mwezi wa nane, hapa kwa timu yetu, tulikubaliana kila mtu afungue taarifa yake ya M-Pesa ya mwezi mmoja, asome mstari kwa mstari, halafu tuongee. Haikuwa rahisi. Kuna watu walifunga simu wakaenda kunywa maji.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, ndiye alitufunza zaidi, na ametukubalia tusimulie bila jina. Mume wake ni fundi wa ujenzi, analipwa kwa siku. Mtoto wa kwanza alikuwa aanze Gredi ya 1 Januari. Shule ni ya umma, lakini sare, sweta, viatu na madaftari hazikuwa na pesa. Kila mwezi alisema ataweka kitu, na kila mwezi tarehe 28 inamkuta hana. Alikuwa ameanza kujiandaa kumwomba dada yake, na hakutaka, kwa sababu dada yake pia ana watoto.

Taarifa ilionyesha vitu viwili.

Cha kwanza, alikuwa anatoa 200 kwa wakala karibu kila siku ya kazi. Aliamini kwamba akitoa kidogo, atatumia kidogo. Lakini kwa bei za M-Pesa tunapoandika, kutoa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500 kwa wakala kunakatwa shilingi 29. Kwa hivyo kutoa 200 mara tano ni 145 za ada kila wiki. Kutoa 1,000 mara moja ni 29. Tofauti ni 116 kila wiki, na hakuna kitu alikuwa anapata kwa hizo 116. Hata nyanya moja.

Cha pili kilikuwa pampers za mtoto mdogo. Dukani kwao zinauzwa moja moja kwa 25. Mtoto anatumia nne kwa siku, yaani 100 kila siku. Pakiti ya 60, ambayo inamaliza siku 15, ilikuwa 1,100. Kwa siku hizo 15, yeye alikuwa analipa 1,500. Tofauti ni 400 kwa kila pakiti, 800 kwa mwezi. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Viatu vya shule viko hapo."

Alitoa wapi ya kwanza

Hakukopa. Aliacha kutoa 200 kila siku. Sasa anatoa 1,000 Jumatatu, na penye Till analipa na simu moja kwa moja, kwa sababu kulipa kwa Till mteja hakatwi ada. Hizo 116 za wiki akawa anazihamisha Ijumaa kwenda M-Shwari. Kuhamisha kutoka M-Pesa hadi M-Shwari hakuna ada, na pesa ikiwa huko haionekani kwenye salio lile unaloangalia ukitaka kununua chips.

Halafu boda. Kila jioni alikuwa anapanda boda kutoka steji hadi nyumbani kwa 50. Akaamua siku tatu kwa wiki atembee. Hiyo ni 150.

Jumla 266 kwa wiki. Wiki nne zikafika 1,064. Akaongeza 36, akanunua pakiti ya kwanza.

Hapa ndipo wengi hukosea

Sasa sikiza vizuri, kwa sababu siri yote iko hapa.

Ukishanunua pakiti kubwa, zile 100 ulizokuwa unalipa dukani kila siku zinabaki mkononi. Na pesa isiyo na kazi hupata kazi yenyewe. Zitaenda soda, zitaenda mandazi, zitaenda bando. Baada ya siku 15 pakiti imeisha, huna 1,100, na unarudi kununua moja moja. Wengi wetu tumejaribu kununua kwa jumla mara moja, tukashindwa mara ya pili, tukasema "hii mambo ni ya watu wenye pesa."

Dawa ni hii: endelea kulipa bei ya kadogo, lakini jilipe wewe mwenyewe.

Mwenzetu aliendelea "kununua pampers" kila jioni. Badala ya kumpa mwenye duka 100, alizihamisha kwenye akiba. Siku 15 zilipoisha alikuwa na 1,500. Akatoa 1,100 ya pakiti mpya, na 400 zikabaki. Hizo 400 zilikuwa zake tangu zamani, ni vile tu zilikuwa zinapita.

Januari ilifikaje

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Desemba alitumia pakiti nane. Nane mara 400 ni 3,200. Zile 266 za kila wiki, kwa wiki 17, ni 4,522. Kwa karatasi alikuwa awe na 7,722.

Lakini maisha si karatasi. Oktoba mtoto aliugua na 1,500 zikaenda hospitali na dawa. Wiki mbili mvua ilinyesha vibaya na hakutembea hata siku moja, kwa hivyo 300 zikabaki kwa boda. Alifika Desemba na 5,922.

Vitu vya shule vilikuwa 6,100. Baba wa mtoto akatoa 178 zilizobaki. Dada hakupigiwa simu ya kuomba, alipigiwa ya kusalimiwa. Na kitu kingine tuliona baadaye: mtoto alipougua, hawakukopa. Hizo 1,500 ziliwaponya mara mbili.

Kabla ukimbilie jumla, piga hesabu

Si kila kadogo ni ghali. Maziwa ya mashine ya kupima mara nyingi ni nafuu kuliko ya pakiti. Mafuta ya kupima pia, mahali pengine, yako chini ya yale ya chupa. Mboga za majani ukinunua za wiki nzima na huna friji, utatupa nusu. Sukuma ya leo nunua leo, kwa mama mboga wako.

Hesabu ni rahisi. Chukua kitu kimoja. Andika unalipa ngapi kwa siku, zidisha kwa siku ambazo pakiti kubwa ingekaa, halafu linganisha na bei ya pakiti hiyo. Tofauti ikiwa shilingi kumi, achana nayo. Ikiwa 100 na zaidi, anza na hicho. Kwa nyumba nyingi, vitu vya kuangalia kwanza ni pampers, makaa ya mkebe, sabuni ya unga ya sacheti, majani ya chai na bando za kila siku. Bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti na za mwenzetu, kwa hivyo tumia za duka lako.

Na chagua kimoja tu. Ukianza na vitu vitano siku moja, utachoka wiki ya pili.

Mitego minne

Kikubwa huisha haraka. Mkiona sukari kilo mbili mezani, kila mtu anaongeza kijiko. Mimina ya siku tatu kwenye mkebe mdogo, iliyobaki iweke juu ya kabati. Kiasi cha matumizi kibaki kilekile cha kadogo.

Kukopa ili ununue jumla. Usifulize kwa sababu hii. Fuliza ina ada ya asilimia 1 ya kiasi ulichochukua, na ukikawia kuna ada ya kila siku kulingana na deni. Pia pesa yoyote ikiingia, deni ndilo linakatwa kwanza. Ile faida uliyokuwa unatafuta kwa pakiti inaweza kuishia hapo. Fuliza iwe ya dharura, na dharura ni mtoto mgonjwa, si ofa ya supamaketi.

Kumsahau mwenye kibanda. Yeye ndiye hukupa unga kwa deni wiki mbaya. Duka kubwa halijui jina lako. Hamisha kitu kimoja au viwili, lakini mboga, nyanya na mkate endelea kununua kwake, na deni lake lilipe kwa wakati.

Kufanya peke yako. Kama 1,100 ni mbali sana, tafuteni majirani wanne. Gunia la viazi au maharagwe mnagawana kwa gorogoro, kila mtu anabeba yake. Mkichanga kidogo kidogo kwa simu, kumbukeni kwamba kwa M-Pesa kutuma shilingi 100 au chini hakukatwi ada. Mmoja aweke orodha ya nani ametuma nini, na kila mtu aione.

Wiki hii fanya hivi

Leo jioni, piga *334# au fungua programu kwenye simu yako, uitishe taarifa ya mwezi uliopita. Hesabu ni mara ngapi ulitoa pesa kwa wakala, na jumla ya ada. Hiyo ni pesa ya kwanza ya kuokoa, na haitaki unyime mtu yeyote chakula.

Kesho, chagua kitu kimoja cha kadogo na upige hesabu yake.

Ijumaa, hamisha akiba ya kwanza, hata kama ni 50. Ipe jina kichwani: hii ni ya pakiti. Siku ukinunua pakiti, jioni hiyohiyo anza kujilipa.

Kama mko wawili nyumbani, ongeeni. Mwenzetu anasema kilichomsaidia zaidi ni kumwonyesha mume wake taarifa bila kelele, wakiwa wamekaa, chai mkononi. Hawakulaumiana. Mistari ilikuwa ya wote wawili.

Na kama kawaida tunakukumbusha: nambari yako ya siri ni yako pekee. Hakuna mtu wa kwetu atakupigia kukuuliza, hata akisema anakusaidia kuweka akiba.

Yule mtoto sasa yuko Gredi ya 1. Viatu vimeanza kuchakaa mbele kwa sababu ya mpira wa karatasi. Mama yake ameshahamia sabuni ya unga, na kila jioni bado "analipa" pampers zake.