KINYAGO KINA MWENYEWE

Waliosema kwamba mwacha mila ni mtumwa hawakukosea. Askari alindaye mpaka wa Vurra, kusini mwa Arua, au ule wa Oraba, wilayani Koboko, hukagua mizigo ya kila namna. Leo twamwomba atafakari mzigo mmoja uwezao kudhaniwa kuwa kipande cha mti tu: kinyago.

Huko Mali, Afrika ya Magharibi, Wabambara huchonga mfano wa swala uitwao chi wara. Vijana wakulima huuvaa utosini, mmoja dume na mwingine jike, wakacheza huku wameinama. Wazee husimulia kwamba kiumbe huyo ndiye aliyewafundisha binadamu kilimo. Hivyo ngoma hiyo huwaheshimu walimao kwa bidii.

Wamakonde wa Tanzania na Msumbiji wana mapiko, vinyago vya sura za watu na hata za wanyama, vichezwavyo vijana watokapo jandoni. Avaaye hatajwi jina, kwani machoni pa watazamaji yeye si mtu tena, bali ni mzimu.

Hapa kwetu West Nile, ngoma mashuhuri ya agwara hutegemea mabaragumu. Kila baragumu lina sauti yake, na wimbo hukamilika wapulizaji wanapopokezana. Likikosekana moja, wimbo huwa na pengo. Ndivyo ilivyo kwa jamii iliyoibiwa kinyago chake.

Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, wakaiba kinyago cha Kimakonde. Mwaka 1985 kilinunuliwa mjini Paris na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, ambayo haikujua asili yake. Habari za wizi huo zilifichuka mwaka 1990, lakini kinyago hakikurejeshwa Tanzania hadi Mei 2010. Miaka 26 ilipotea, nacho kilikuwa kimeshavuka mpaka.

Ndugu zetu askari, mchongaji auzaye kazi yake mpya sokoni Arua asisumbuliwe. Hiyo ni riziki yake. Lakini mkikuta kinyago au baragumu la kale, lililokolea moshi na jasho la wachezaji, ulizeni: limetoka kwa nani, na kibali cha kulitoa nchini ki wapi? Swali hilo huchukua dakika moja tu, nasi tuliovaa sare ndio tuliopewa mamlaka ya kuliuliza.