Sumu Vitani: Ahadi na Ukaguzi

Mkulima anyunyiziaye mimea yake dawa ya kuua wadudu huonywa afunike pua na mdomo, wala asisimame mahali ambapo upepo waielekeza dawa. Onyo hilo si la bure. Mwezi wa Desemba, 1936, mtaalamu wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alipokuwa akitafuta dawa ya kuua wadudu, alipata kitu kikali mno, hata tone dogo lililomwagika likamdhuru yeye mwenyewe. Kitu hicho kiliitwa tabuni, na jeshi la nchi yake likakichukua kuwa silaha. Basi sumu ya shamba na sumu ya vita ni ndugu. Ndiyo sababu mataifa yametaabika miaka mingi kutafuta njia ya kuikataza hii ya pili bila kuipoteza ile ya kwanza.

Mwaka 1899, katika mji wa The Hague, mataifa kadha yaliahidiana kutotupiana makombora ya kueneza hewa ya sumu. Lakini jioni ya tarehe 22 Aprili, 1915, karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, Wajerumani walifungua maelfu ya mitungi ya klorini, na upepo ukaipeleka hewa hiyo kwa majeshi ya Ufaransa, ambamo walikuwamo askari wengi wa Algeria. Wingu la rangi ya kijani na manjano, zito kuliko hewa, liliteremka katika mahandaki, na watu wakafa kwa kukosa pumzi. Wajerumani walijitetea kwamba mitungi si makombora. Kabla ya vita kwisha, pande zote mbili zilikuwa zimetumia sumu.

Tarehe 17 Juni, 1925, mapatano mengine yaliandikwa Geneva. Hayo yalikataza kutumia vitani gesi za sumu, na pia vijidudu vya kuleta maradhi. Lakini hayakukataza kuzitengeneza silaha hizo wala kuziweka ghalani, na hayakuweka mtu wa kukagua.

Upungufu huo ulidhihirika katika nchi ya jirani zetu. Italia ilikuwa imeyathibitisha mapatano hayo mwaka 1928. Hata hivyo, tangu mwisho wa mwaka 1935, ndege zake ziliwamwagia Wahabeshi gesi ya haradali, ambayo huunguza ngozi, macho na mapafu. Tarehe 30 Juni, 1936, Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe mbele ya Chama cha Mataifa huko Geneva, akaeleza jinsi sumu hiyo ilivyonyeshewa askari, wanawake, watoto, mifugo, mito na malisho. Wajumbe walimsikiliza, lakini hawakumwokoa. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, tarehe 16 Machi, 1988, serikali ya Iraq iliwaua kwa gesi maelfu ya raia wake Wakurdi katika mji wa Halabja.

Hatimaye mataifa yalipatana juu ya jambo lililokosekana. Mkataba uliotiwa sahihi Paris mwezi wa Januari, 1993, ukaanza kutumika tarehe 29 Aprili, 1997, wakataza kutengeneza, kuweka na kutumia silaha za kemikali. Nchi yenye silaha hizo hulazimika kuzitaja na kuziharibu, na wakaguzi kutoka The Hague huingia katika maghala na viwanda kutazama kwa macho yao. Mkulima apelekaye kahawa yake chamani aweza kumwamini karani, lakini hata hivyo hutazama mizani. Nchi 193, Kenya ikiwa mojawapo, zimo katika mkataba huu. Zaidi ya tani 72,000 za sumu zilizotajwa zimeharibiwa, na Marekani ilimaliza fungu lake la mwisho tarehe 7 Julai, 2023.

Isidhaniwe kwamba mkaguzi humaliza uovu. Syria iliingia katika mkataba mwaka 2013, na baada ya hapo wakaguzi walithibitisha kwamba jeshi lake lilitumia sumu. Lakini safari hii mkosaji alitajwa waziwazi, na mwaka 2021 nchi hiyo ikaondolewa haki ya kupiga kura mkutanoni.

Lililobaki ni maradhi. Mkataba wa mwaka 1972 wakataza kutengeneza silaha za vijidudu, lakini hauna wakaguzi. Urusi ya Kisovieti iliutia sahihi, kisha ikaendelea kutengeneza silaha hizo kwa siri. Jambo hilo lilikiriwa na Rais Yeltsin mwaka 1992. Majadiliano ya kuongeza ukaguzi yalivunjika mwaka 2001. Wahenga walisema ahadi ni deni. Na deni lisilo na mdai huchelewa kulipwa.